Kipokezi cha GLP-1

Kipokezi cha GLP-1 ni protini iliyopenya utando wa seli beta za kongosho. Huinasa homoni ya GLP-1, inayotoka utumboni mtu anapokula, na hapo seli huchochewa kutoa insulini. Kina asidi amino 463, na jeni yake iko katika kromosomu ya 6. Mtafiti Bernard Thorens ndiye aliyekitambulisha mwaka 1992, kutokana na kongosho la panya.

Utendaji

Kipokezi hiki kina busara ya pekee: huitazama sukari kwanza. Glukosi ikiwa chini, GLP-1 hata ijae vipi haitoi insulini ya maana. Ikipanda, kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya seli na insulini humiminwa kwenye damu. Kwa hiyo dawa zinazokiamsha, zikitumiwa peke yake, ni nadra kumwangusha mgonjwa kwa upungufu wa sukari, jambo linalohofiwa kwa watumiaji wa glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari.

Mahali pengine

Kipokezi hiki hupatikana pia katika ubongo, ambako hupunguza hamu ya kula, na katika moyo.

Mjusi wa jangwani

GLP-1 ya mwilini haidumu. Kimeng'enya DPP-4 huikata ndani ya dakika 2 hivi. Ufumbuzi ulitoka kwa mnyama ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwaka 1992 Dkt. John Eng, wa hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, aliripoti eksendini-4, kemikali aliyoipata katika sumu ya Heloderma suspectum, mjusi mnene wa majangwa ya Marekani na Mexico. Inafanana na GLP-1 kwa takriban nusu tu, lakini hukishika kipokezi kilekile, na DPP-4 haiiwezi.

Nakala yake ya maabara, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ilichomwa mara mbili kwa siku.

Dawa

Semaglutidi, dawa nyingine inayokiamsha kipokezi cha GLP-1, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na huchomwa mara moja kwa wiki. Tirzepatidi ya mwaka 2022 hushika pia kipokezi cha GIP, homoni nyingine ya utumboni. Kichefuchefu na kutapika ni kero za kawaida, na mgonjwa wa kisukari aina ya 1 hawezi kutumia dawa hizi badala ya insulini. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 2 wenye unene uliozidi na maradhi ya moyo au figo.