Tile (usanifu wa kichakataji)

Tile ni usanifu wa vichakataji uliobuniwa na kampuni ya Tilera ya Marekani. Kerneli ya Linux iliuhudumia kuanzia toleo 2.6.36 la Oktoba 2010, ikauondoa katika toleo 4.17 la Juni 2018. Nchini Kenya ulijulikana kupitia ruta kubwa za MikroTik, kampuni ya Latvia.

Asili

Tilera ilianzishwa mwaka 2004 na Anant Agarwal, profesa wa MIT. TILE64, yenye viini 64, ilitangazwa mwaka 2007. EZchip iliinunua Tilera mwaka 2014, Mellanox ikaimeza EZchip mwaka 2016, na Nvidia ikaichukua Mellanox mwaka 2020. Kufikia hapo Mellanox ilikuwa imeegemea usanifu wa Arm, na Tile ikabaki yatima.

Kompaila na kerneli

Kila usanifu una folda yake katika msimbo wa Linux, chini ya arch/. Humo mna asembli ya kupokea vikatizi, kubadilisha kazi na kulinda kumbukumbu. Sehemu iliyobaki ya kerneli, ambayo ndiyo kubwa, ni C karibu yote, na uzima wake unategemea kompaila inayokijua kichakataji barabara.

Kwa Tile kazi ya kompaila ilikuwa nzito kuliko kawaida. Vichakataji vya TILE-Gx vya Tilera husoma amri zao katika mafungu ya biti 64, kila fungu likibeba amri mbili au tatu za kutekelezwa kwa pamoja. Anayeamua zipi zikae pamoja ni kompaila, si kichakataji. Kompaila ikishindwa kupata amri ya kujaza nafasi, huweka amri isiyofanya lolote, na kasi iliyotangazwa kwenye karatasi hupotea kimyakimya.

Kompaila ya GCC ilianza kuihudumia Tile katika toleo 4.7 la Machi 2012, yaani karibu mwaka mmoja na nusu baada ya kerneli. Katika kipindi hicho aliyetaka kujijengea kerneli alihitaji zana za Tilera yenyewe, jambo ambalo halikuwavutia wachangiaji wa nje. LLVM, mradi mwingine wa kompaila, haikuwahi kuwa na Tile katika matoleo yake rasmi.

Kuondolewa

Mwaka 2018 Arnd Bergmann, mmoja wa watunzaji wa kerneli, alipendekeza kufutwa kwa sanifu zilizokosa wenyewe. Nane zilikwenda kwa mkupuo: blackfin, cris, frv, m32r, metag, mn10300, score na tile, mistari ya msimbo karibu nusu milioni. Hoja yake ilikuwa ngumu kupinga: mabadiliko mengi katika msimbo wa pamoja yalilazimu kugusa folda hizo zote, hata zile ambazo hakuna tena aliyezijaribu kwenye mashine halisi. Usanifu wa Hexagon wa Qualcomm ulinusurika. Kerneli yake hujengwa kwa Clang, kompaila ya mradi wa LLVM.

Matumizi Kenya

MikroTik iliweka TILE-Gx yenye viini 36 ndani ya ruta za CCR1036. Vifaa vya kampuni hiyo hupendwa na watoa huduma wadogo wa intaneti nchini, wanaorusha mawimbi kutoka mlima hadi mlima na kuuza vocha za wifi. Anayenunua vocha ya saa moja katika kituo cha biashara kama Fort Ternan, chini ya mashamba ya chai ya Kericho, hana sababu ya kujua kichakataji kilichoko upande wa pili wa mnara. Fundi wa mtoa huduma hana budi kujua. Amri ya /system resource print humwonyesha mstari wa architecture-name, na faili la sasisho lazima lilingane nao: tile kwa CCR1036, smips kwa hAP lite, mmips kwa hEX ya RB750Gr3, arm64 kwa CCR2004. La smips halikubaliki kwenye CCR1036, hata namba ya toleo ikiwa ileile.

RouterOS 7, toleo la mfumo endeshi wa ruta za MikroTik lililotoka rasmi mwishoni mwa 2021, hutumia kerneli 5.6.3, ya baada ya Tile kufutwa. Hata hivyo vifurushi vya tile viliendelea kutolewa, kwa kuwa MikroTik ilibeba yenyewe msimbo ambao wengine waliutupa.