Biskuti za siagi: nani alikuwa jikoni?

Kila nikiweka video ya biskuti za zabibu, lazima mtu aandike "hicho ni chakula cha wazungu." Sawa, lakini nani alikuwa anazioka?

Twende Kitale. Reli ilifika hapo 1926, na Trans Nzoia ilikuwa tayari nchi ya walowezi, mahindi na ng'ombe kila upande. Mwaka mmoja kabla, walowezi walikuwa wameunda KCC, ushirika wao wa maziwa na siagi. Saa kumi jioni memsahib anakaa verandani, chai inakuja, biskuti zinakuja. Zinatoka wapi? Jikoni, kwa jiko la kuni, kwa mikono ya mwanaume Mwafrika mwenye kipande. Wabukusu wengi walitoka pande za Bungoma wakaenda kufanya kazi kwa hayo mashamba, wengine shambani, wengine ndani ya nyumba.

Kuna kitabu cha mapishi cha walowezi kilichotoka Nairobi 1928, kazi ya akina mama wa kanisa la St. Andrew's. Jina la kitabu linataja walowezi, si wapishi. (Niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha, msijali.) Huyo mpishi ndiye alijua jiko likipoa unaongeza kuni ngapi. Ndiye alijua siagi ikilainika sana biskuti zinatambaa kwa sinia. Hiyo ni elimu, hata kama hakuna mtu alimpa cheti.

Na siagi yenyewe msiniambie ilikuja na meli. Kwetu maziwa yalitikiswa kwa kibuyu mpaka mafuta yajitenge, kabla mlowezi yeyote hajafika. Kitu kigeni kilikuwa sukari na zabibu kwa unga wa ngano, halafu bei. Miaka ya 1940, Elijah Masinde wa Kimilili na Dini ya Msambwa walikuwa wanataka wazungu waondoke kabisa. Wewe fikiria kuwa mpishi wakati huo: asubuhi unasikia hiyo habari kijijini, jioni unapanga biskuti kwa sahani ya mtu ambaye wenzako wanataka aende.

Ndiyo maana mimi siagi yangu naiweka pasheni. Pasheni mbili, chuja mbegu, chemsha maji yake na kijiko cha sukari mpaka yawe mazito. Ngoja yapoe KABISA, ukiharakisha utayeyusha siagi yote. Piga pamoja na siagi gramu 125 na nusu kikombe cha sukari, halafu unga vikombe viwili na zabibu konzi moja. Ukiona unga umekauka sana, ongeza maziwa kidogo. Huna oveni? Mchanga ndani ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu yake, funika, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Margarini inafanya pia, ni bei rahisi, lakini ladha ni nusu.

Kama kuna kuka kwenu aliyewahi kupika kwa hizo nyumba za Kitale, muulize swali moja kwa niaba yangu: alijuaje moto umefika, bila kipimo chochote? Niandikieni jibu hapa chini, na jina lake kama ameruhusu.