SAFU YA LUGHA: Makumbusho si stoo ya vikuukuu

Siku hizi kitu kikichakaa tu, watu husema "kipelekwe makumbusho", yaani kiondolewe machoni. Hata MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuwahudumia watu wa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa miongo mingi, haikusalimika na kejeli hiyo. Neno linaonewa. Makumbusho limetokana na kukumbusha: kazi yake ni kumrudishia mtu kile anachokaribia kukisahau. Huko juu, kwenye nyanda za Ufipa, bado yapo mabaki ya malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyoyeyusha chuma cha kufulia majembe. Yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mtoto akielezwa hayo papo hapo, amekumbushwa. Asipoelezwa, ameona kichuguu.

Tusiyachanganye makumbusho na jamaa zake. Maktaba, yenye asili moja na kitabu na katibu, ni mahali pa vitabu vya kusoma na kuazima. Nyaraka ni wingi wa waraka, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya karatasi au jani. Kwa hiyo "nyaraka moja" ni kosa, sema waraka mmoja. Barua ya ofisi au daftari la ubatizo la misheni haviandikwi ili kuuburudisha umma, bali baadaye huwa ushahidi: nani alizaliwa lini, nani ni mtoto wa nani. Ndiyo maana Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa haiitwi maktaba. Basi, mwenye daftari la zamani la kijiji, tafadhali asifungie maandazi kurasa zake.