Kabla hujasaini: habari ya neno "waive"

Wadau, juzi juzi nilipewa mkataba wa kazi ndogo ya uandishi. Kurasa nne, Kiingereza kitupu. Ukurasa wa tatu nikakutana na neno "waive". Kuuliza, nikajibiwa, "Hiyo kawaida tu, weka saini hapo chini." Sikuweka. Nikarudi nyumbani kulichimba.

Maana yake ni kuachilia kwa hiari haki uliyo nayo. Usilichanganye na "wave", kupunga mkono, ingawa matamshi ni yale yale.

Liliingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300, kutoka Kifaransa cha Wanormani waliokuwa wameitawala Uingereza. Lilihusu vitu vilivyotelekezwa. Mwizi akifukuzwa akatupa mali njiani, mali ile iliitwa "waif", na ilikwenda kwa mfalme, si kwa mwenyewe! Mwanasheria William Blackstone, katika karne ya 18, alieleza kuwa hiyo ilikuwa adhabu ya mwenye mali kwa uzembe wa kutomfuatilia mwizi. Aliyemkimbiza papo hapo alirudishiwa chake.

Kisha watu nao wakaingizwa humo. Wanaume kuanzia miaka 12 waliapishwa katika vikundi vya kudhaminiana, watu kumi kumi hivi (ukikumbuka balozi wetu wa nyumba kumi, hujakosea sana). Mwanamume aliyekaidi kufika mahakamani alitolewa nje ya sheria. Mwanamke je? Yeye hakuapishwa, hivyo wakasema huwezi kumtoa mtu mahali ambapo hakuwahi kuingia. Kwake wakatumia neno hili: ametelekezwa, kama mzigo wa mwizi barabarani. Matokeo yalikuwa yale yale: hana wa kumlinda.

Sasa ona lilivyogeuka. Zamani ulitupwa wewe. Leo wewe ndiye unayetupa haki yako. Ndiyo maana mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Johnson dhidi ya Zerbst, ilisema kuachilia haki sharti kuwe kwa makusudi, na haki yenyewe uwe unaijua. Utaachiliaje kitu usichojua kama unacho?

Na mkataba wangu? Nilichotakiwa kuachilia ni haki ya kwenda mahakamani wasiponilipa. Niliwarudishia karatasi zao bila saini. Hela niliikosa, ndiyo. Ila haki yangu bado ninayo.

Wewe je, umeshasaini ngapi bila kusoma?