Risasi ya Suhar na deni la Unguja

Jamshid bin Abdullah alipofariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, magazeti mengi yalianza hadithi yake Januari 1964, usiku wa Mapinduzi. Mara hii turudi nyuma zaidi. Jamshid alikuwa mtoto wa Abdullah, Abdullah wa Khalifa, Khalifa wa Harub, na Harub wa Thuwaini bin Said, Sultani wa Maskati aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa Februari 1866. Kilembwe wa Thuwaini ndiye sultani wa mwisho wa Unguja, na nusura nasaba hiyo isahaulike pande zote mbili za bahari.

Chanzo cha yote ni urithi. Seyyid Said, baba yake Thuwaini, alifia baharini Oktoba 1856 akirudi Unguja, akaacha watoto wengi na dola iliyokaa mabara mawili. Thuwaini alishika Maskati, mdogo wake Majid akashika Unguja, penye karafuu, forodha na fedha. Thuwaini alidai kisiwa ni chake, na mwaka 1859 akatoa merikebu zije kukichukua. Waingereza wakamrudisha njiani. Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, gavana mkuu wa Uhindi, akatoa hukumu: kila mmoja abaki alipo, na Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka miwili.

Miaka mitano baadaye Thuwaini alikuwa Suhar akikusanya watu wa kupigana na Mawahabi, waliokuwa wakiisumbua nchi yake. Waingereza walikuwa upande wake: mapema mwezi huohuo wa Februari manuwari yao Highflyer ilikwishapiga mizinga Qatif na Dammam, bandari za Mawahabi. Vita havikufika mbali. Mwanawe Salim alimkuta baba yake amelala ndani ya ngome ya Suhar, akampiga risasi, akajitangaza sultani.

Kazi ya kuwaandikia wakubwa wa Bombay ilikuwa ya mwanajeshi, Luteni Kanali Lewis Pelly, mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba mwenye makao yake Bushehr. Pelly hakuwa mgeni wa ukoo huu. Mwaka 1861 na 1862 alikuwa balozi mdogo Unguja na kumjua Majid kwa sura. Sasa akawa anashughulikia damu ya kaka wa Majid. Waya wa telegrafu ulikuwa umelazwa Ghuba tangu 1864, kwa hiyo upande ule habari zilikwenda upesi. Unguja haikupata waya mpaka 1879. Huko msiba ulifika kwa chombo, kama ulivyofika kila msiba wa Arabuni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na kwangu mimi huu ndio utamu wa mkasa wote. Majid alikataa kulipa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kujibu: zile riale aliahidi kumpa kaka yake, na kaka yake ameuawa. Atampaje fedha mtu aliyemwua baba yake mzazi? Mbele ya kadhi yeyote wa pwani hoja hiyo ingepata wasikilizaji, kwani katika sheria ya Kiislamu muuaji hamrithi aliyemwua.

Waingereza walimjibu kikarani. Hukumu ya Canning, walisema, haikuwa mkataba wa kaka na mdogo wake. Iliwafunga na warithi wao, kwa sababu riale zile zilikuwa fidia ya Maskati kuiacha Unguja. Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo ilikaa miezi kadhaa bila kumtambua Salim, ikiona haya, kisha ikamtambua. Dawa ya aibu ikapatikana nayo: fedha zipitie mikononi mwa Waingereza, ili Majid asionekane akimlipa muuaji uso kwa uso. Nimemfuata hapa zaidi J. G. Lorimer, ofisa wa serikali ya Uhindi aliyeandika historia kubwa ya Ghuba, naye huiona kila barua kwa jicho la ofisi yake. Kwake Majid ni mdaiwa msumbufu. Mimi namwona mtu aliyefiwa na ndugu, na pia, tusijidanganye, mfanyabiashara aliyeona mwanya wa kufuta deni.

Agosti mwaka huohuo wa 1866 Highflyer ilitia nanga Unguja na kuondoka usiku na Bibi Salme, dada yao Thuwaini na Majid, kumpeleka Aden. Ukoo mmoja, mwaka mmoja, manuwari ileile.

Salim hakukaa. Oktoba 1868 Azzan bin Qais alimng'oa. Azzan naye akauawa vitani Matrah Januari 1871, na Turki, mtoto mwingine wa Seyyid Said, akatawala. Salim alifia kifungoni Hyderabad, Sindh, mwaka 1876. Riale zilikwama tena na tena, mpaka mwaka 1873, wakati wa mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa, Waingereza walipoubeba mzigo wenyewe.

Leo mjini Maskati Kiswahili husikika sokoni na misibani, na vijana wanaokizungumza hujua mwaka 1964 vizuri kuliko 1866. Barua za Pelly na wenzake zimewekwa kwenye mtandao na Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, bure, kwa Kiingereza cha ofisi. Kwa Kiswahili sijaona aliyejishughulisha kuzifasiri kwa wasomaji wa kawaida, si Unguja wala Maskati.

Na watoto wengine wa Thuwaini? Hamad alikalia kiti cha Unguja mwaka 1893, akafa Agosti 1896, na kifo chake kikaleta vita vile vya chini ya saa moja. Harub hakutawala, lakini mwanawe Khalifa, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879, alitawala Unguja tangu 1911 hadi 1960, muda mrefu kuliko sultani mwingine yeyote aliyekuwa wa Unguja peke yake.