Kadogo: neno la nyumbani lililoingia jeshini

Huko Itebero, kama kwingine Walikale na Masisi, neno «kadogo» linasikika kila siku. Lina maana zaidi ya moja, na moja kati yake imebeba maumivu.

Maana ya kwanza: kitu au mtu mdogo. Tunaomba chumvi kadogo. Tunauliza kama mtoto kadogo amelala. Kiswahili cha shule kinasema «kidogo», lakini kwetu ka- ndiyo imezoeleka, kama katika «katoto». Nchini Kenya watu husema «uchumi wa kadogo», yaani kununua mafuta au sukari kwa vipimo vidogo.

Maana ya pili: askari mtoto. Nchini Uganda, watoto waliokuwa katika jeshi la NRA, lililoteka Kampala Januari 1986, waliitwa kadogo. Kwetu jina hilo lilienea tangu 1996, wakati AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipoandikisha watoto wengi wa Kivu. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa na bunduki begani, na neno likaingia hata katika Kifaransa cha magazeti.

Sheria inasema nini. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuandikisha mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au vikundi vyenye silaha. Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Jinai ilimpata Thomas Lubanga, wa Ituri, na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15. Alifungwa miaka 14.

Neno linaficha nini. Tukisikia kadogo, tunafikiri kijana mwenye bunduki. Lakini Kanuni za Paris za 2007 zinahesabu pia mtoto aliyebeba mizigo, aliyepika, aliyetumwa kupeleleza, na msichana aliyetendewa kama mke. Hao wanarudi kijijini kimya, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Tena jina halikui. Aliyeandikishwa mwaka 1996 leo ni mzazi, lakini pengine jirani zake bado wanamwita kadogo. Tuendelee kuomba chumvi kadogo. Lakini aliyerudi kutoka msituni, ndugu wapendwa, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.