Doria ya Magonjwa, Si Ufuatiliaji

Karibu kila waraka wa Kiswahili unaohusu maradhi ya kuambukiza ya mifugo, kuanzia mwongozo wa afisa ugani hadi taarifa ya habari, hutumia maneno "ufuatiliaji wa magonjwa" kwa kazi ambayo Waingereza, kwa neno walilolichukua Ufaransa, huiita surveillance. Istilahi hiyo imepita kamatini, ikaingia kwenye orodha, na tangu hapo anayeihoji huonekana mkorofi. Na nionekane hivyo. Kosa lake si la ladha ya sikio. Ni kosa la maana, kwa sababu neno lililochaguliwa linaeleza kazi inayoanza baada ya kirusi kwisha kuonekana. Nitatetea neno doria, ambalo wanakamati wote wanalijua tangu utotoni na ambalo silioni katika orodha zao.

Tuanze na umbo. Mzizi ni fuata. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata fuatia. Ukikirudia unapata fuatilia. Unyambuaji huu wa mara mbili si pambo. Ndio uliotoa endelea kutoka enda kupitia endea, na pigilia kutoka piga kupitia pigia, na unaleta maana ya kushikilia tendo bila kuliachia: anayeendelea hakomi, anayepigilia sakafu hapigi mara moja akaondoka. Kufuatilia, basi, ni kufuata kwa kung'ang'ania. Lakini kung'ang'ania hakuondoi sharti la mzizi. Fuata hudai kitu kilichotangulia, kinachoonekana au angalau kinachojulikana kuwa kipo. Tunafuatilia deni, kesi, mechi, nyayo za ng'ombe walioibwa. Katika yote hayo kitu kilipatikana kwanza, tendo likaja nyuma yake. Hakuna Mswahili anayefuatilia asichokijua. Mtu aliyekaa na vitenzi vyetu kwa makini angeliona hilo kabla ya kikao kufunguliwa.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana Uingereza mwaka 2001. Tarehe 19 Februari dalili za ugonjwa wa miguu na midomo zilionekana kwa nguruwe kwenye machinjio moja ya Essex. Kesho yake maabara ikathibitisha. Chanzo kilitafutwa kikapatikana katika shamba la nguruwe la Heddon-on-the-Wall, Northumberland, mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Kufikia hapo kondoo wa jirani walikwisha kuuzwa katika mnada wa Hexham tarehe 13, na kutoka huko wengine wakapitia mnada mkubwa wa Longtown, Cumbria, wakatawanyika. Kondoo huonyesha dalili hafifu za ugonjwa huu, kwa hiyo walisafiri na kirusi bila kushukiwa. Wizara ilikadiria baadaye kwamba angalau mashamba 57 yalikuwa yameambukizwa kabla kisa cha kwanza hakijathibitishwa. Kilichokuja nyuma yake ndicho ufuatiliaji kwa maana kamili ya neno: hati za mauzo, safari za malori, mnunuzi baada ya mnunuzi. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa kabla ugonjwa haujakoma mwishoni mwa Septemba. Kilichokosekana ni macho yanayozunguka mashambani kabla ya tarehe 19. Mwandishi mwenye istilahi moja tu hawezi kulieleza tukio hili, maana atalazimika kusema kwamba ufuatiliaji haukuwapo na kwamba ufuatiliaji ulifanywa usiku na mchana, kuhusu kirusi kile kile na katika majira yale yale.

Ushahidi mzito zaidi uko kwetu, katika habari za sotoka. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, ukashuka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwaacha Wamaasai na wafugaji wengine bila ng'ombe na bila chakula. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake ndiyo iliyoubana kwa miaka mingi. Lakini mwisho wake ulikuwa mgumu kwa namna isiyotarajiwa. Aina ya kirusi iliyobaki katika maeneo ya Wasomali na kaskazini mashariki mwa Kenya ilikuwa pole kwa ng'ombe. Mwaka 1994 na 1995 nyati na tandala wa Tsavo walikufa kwa wingi, ilhali ng'ombe wa pembezoni walipata homa ndogo ambayo mfugaji hakuona sababu ya kuitolea taarifa. Kisa cha mwisho kinachojulikana duniani kilikuwa cha nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Tangazo la kwamba sotoka imetokomezwa lilitolewa mwaka 2011. Katika miaka hiyo kumi ilibidi chanjo isimamishwe, kwa kuwa kingamwili za mnyama aliyechanjwa na za aliyeugua zilikuwa hazitofautishiki. Kisha damu ikachukuliwa kwa ng'ombe waliozaliwa baada ya chanjo kukoma, na kwa nyati pia. Wafugaji wakaulizwa, tena kwa majina yao wenyewe ya maradhi. Haya yote yalifanywa ili kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Naomba nijibiwe na yeyote aliyeitetea istilahi rasmi: katika miaka hiyo kumi, ni nini kilichokuwa kikifuatiliwa?

Doria inajibu swali hilo bila kulazimishwa. Neno lenyewe ni la Kiarabu, dawriyya, kutoka shina lenye maana ya kuzunguka, shina lile lile lililotuletea duara na duru. Maana ya mzunguko haijapotea katika Kiswahili. Anayepiga doria hupita njia ile ile, huirudia kwa zamu, hutazama pasipo na tukio ili likitokea asiwe mbali nalo. Usiku usio na mwizi haumfanyi mlinzi aonekane amekosa kazi, na usiku huo ndio hasa ambao istilahi ya mifugo inauhitaji: doria iliyofanywa vizuri isipate kitu imetoa jibu. Washindani wa neno hili ninawajua. Upelelezi unamtaka mshukiwa na siri. Uangalizi umekwisha kutwaliwa na wagonjwa wa hospitali na waangalizi wa uchaguzi. Ukeshaji, unaopendwa na wale wanaotafsiri Kifaransa silabi kwa silabi, unaleta usingizi uliokatizwa, wala hauna mzunguko ndani yake. Doria peke yake ina mzunguko, ina zamu, na inaeleweka Mombasa kama inavyoeleweka Mwanza.

Wapo wanaosema kwamba doria inanuka bunduki, na kwamba mfugaji akiisikia ataficha mifugo yake. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu mfugaji akijificha kazi yote imekwisha. Lakini wanaoileta wangelichunguza kwanza neno wanalolitafsiri. Kamati za surveillance zilizoundwa Ufaransa mwaka 1793 zilikuwa za kuwachunga wageni na washukiwa wa kupinga mapinduzi, na kwa muda mrefu hata katika tiba neno hilo lilihusu watu waliokaribiana na wagonjwa. Ni kuanzia miaka ya 1950 ambapo Alexander Langmuir, huko Marekani, alilihamisha kutoka kwa mtu hadi kwa ugonjwa wenyewe. Kama neno lenye historia hiyo liliweza kusafishwa na kazi, doria haina doa la kuizuia. Zaidi ya hapo, kinachomfanya mfugaji afiche ng'ombe ni kuogopa kwamba watauawa au mnada utafungwa bila yeye kulipwa fidia, na hofu hiyo haiondolewi na istilahi laini. Wengine husema kwamba nusu ya kazi hii ni kungoja taarifa za wafugaji, si kuzunguka. Ni kweli taarifa hungojwa, ila anayezitoa ni mtu aliyelizunguka kundi lake asubuhi hiyo akaona mnyama anayetokwa na udenda. Doria huanzia kwake, si ofisini.

Limebaki pingamizi la wavivu, kwamba neno limekwisha kuzoeleka. Limezoeleka kiasi cha kuvurugika. Ofisi zetu zina pia "ufuatiliaji na tathmini", yaani kukagua kama mradi umetimiza malengo na kutumia fedha ipasavyo, hivyo neno moja linabeba bajeti na kirusi pamoja. Sisemi lifutwe. Libaki na kazi yake halali: kufuatilia wanyama waliotoka katika kundi lililoambukizwa, wamepita wapi na wamekutana na nani. Kwa matumizi ya kila siku inatosha kusema doria ya magonjwa ya mifugo, doria ya dalili kwa uchunguzi wa macho, doria ya damu kwa vipimo vya maabara, na kituo cha doria.

Jambo hili haliwezi kungoja. Mpango wa dunia wa kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo, uliopitishwa Abidjan mwaka 2015, umelenga mwaka 2030, na ugonjwa huo ulithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Kila nchi itakayotaka kutambuliwa kuwa imeushinda italazimika, kama ilivyokuwa kwa sotoka ya ng'ombe, kutafuta kwa miaka na kuonyesha kwamba haikupata. Miongozo ya Kiswahili kwa maafisa mifugo wa kata na wafugaji wa vijijini itaandikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nawaomba watakaoiandika, na wahariri watakaoipitia, waandike doria.